Gari la Viti Viwili

Rubya, Ihangiro
Machi 9, 1954

Mama Damian,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo wangu unaujua. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Kashozi, na kwamba mama mkwe anaendelea kupata nafuu mikononi mwako. Umeondoka juzi juzi tu, na Damian naye yuko shuleni bweni, nyumba imeshakuwa kubwa. Jana nilipika ndizi, zikaungua chini na juu zikabaki mbichi, sijui nilifanyaje.

Sasa nikupe habari za gari. Nilifungua bati la ubavuni nikakuta mbao za ndani zimeliwa na mchwa. Ukizigusa kwa kidole zinamwagika unga. Haya magari ya mbio ya zamani Wazungu waliyaundia fremu ya mbao, bati ni la juu tu, kwa hiyo nimelazimika kulivua bati lote. Fundi Protase wa misheni amenipa mbao za mhumula zilizokauka vizuri, nami nazichonga moja moja kwa kufuata zile mbovu. Kazi hiyo itanichukua mpaka mvua ziishe.

Najua unachosema moyoni. Unasema gari la Bwana Pelham lilikufa kabla ya vita, na mimi nahangaika na maiti. Lakini wewe uliliona lilipokuwa zima. Ulikuwa msichana umesimama na wenzako mbele ya kanisa la Kashozi, nami nilikuwa nalifuta vumbi huku bwana yuko ndani kwa mapadre. Ndipo nilipokuona. Na marehemu baba yako aliposikia nimeleta posa akauliza, si yule anayeosha gari la mtu? Neno hilo sijalisahau. Sasa gari ni langu. Lilikaa ghalani Kemondo miaka yote hiyo mwenye ghala akiliona takataka, mimi nikatoa ng'ombe nikalichukua, na siku likiwaka nitakuja nalo Kashozi kukuchukua. Viti ni viwili, changu na chako.

Jambo moja. Viti vimebaki springi tupu, na ngozi ya kuvifunika haipatikani huku. Nakumbuka mama mkwe ana nguo ya lubugo kapuni, ile ya gome la mti, nzuri, nyekundu. Hebu mwulize kama anaitumia.

Mumeo,
Philbert Mwijage


Kashozi
Aprili 25, 1954

Baba Damian,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliipata, na pole na mgongo. Mama bado hana nguvu za kwenda shamba. Nampikia, namchotea maji, jioni tunasali rozari pamoja.

Nilimweleza habari ya lubugo. Nilidhani atakasirika. Alicheka sana, mpaka nikaogopa kikohozi kisije kikarudi. Anasema nguo ile ameiweka ya kuzikiwa, na kama mkwe wake anataka kuikalia mwenye nguo angali hai, basi asubiri yeye aitumie kwanza. Kwa hiyo tafuta turubai.

Nina swali. Kahawa itaanza kuiva karibuni, utaianika wapi? Banda nililokuwa naanikia limejaa gari. Mwaka jana niliianika uani, kila wingu likitokea nakimbia kuiingiza ndani, na wewe ulikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nilikuwa nakuletea chakula nakiweka karibu na miguu. Nilikuwa nakuuliza jambo, miguu inasogea kidogo, nafahamu kwamba umesikia. Siku hizi nikikukumbuka naikumbuka hiyo miguu kwanza.

Mke wa ndugu yako Nathanael nilikutana naye sokoni Bukoba. Ameniambia magugu yamefika kiunoni kwenye kibanja chetu upande wa chini. Labda ametia chumvi.

Ukiona ni vema nirudi, sema. Usiposema nitakaa.

Wako,
Alistidia


Rubya
Juni 20, 1954

Mama Damian,

Salaam sana. Kaa, kaa mpaka mama apone kabisa, mimi sina neno. Siwezi kumnyang'anya mgonjwa mtu wa kumtunza. Wanaume wengine wangelalamika, lakini mimi nimezoea kujipikia. Ndizi sasa zinaiva pande zote.

Mke wa Nathanael anapenda kusema. Magugu yapo, lakini si ya kufika kiunoni. Kahawa nimeipatia watu wa kuchuma, tutagawana. Wewe usiwe na wasiwasi na mambo ya huku.

Fremu imekwisha. Sasa niko kwenye injini. Ringi za pistoni zilikuwa zimeshikana kwa kutu, nikazilainisha na mafuta ya taa siku nyingi mpaka zikaachia. Nimepata nyingine kwa Mhindi mmoja Bukoba, si za gari hili lakini nimezipiga tupa mpaka zikakubali. Kabureta nimeichemsha kwa magadi ikatoka inang'aa. Nimeichemshia kwenye sufuria yako kubwa, ile ya sherehe. Usikasirike, nitaisugua.

Ijumaa iliyopita tulilisukuma mteremko wa kanisa, likakohoa, likanguruma, moshi ukajaa barabara nzima. Halafu likazima. Lakini liliwaka, Mama Damian! Padre mzee alitoka nje akavua kofia. Nilitamani uwepo.

Mumeo,
Philbert


Kashozi
Agosti 16, 1954

Kwa Bwana Philbert Mwijage,

Salaam, shemeji. Ninakuandikia mimi Karugendo, kaka wa mke wako, kwa niaba ya nyumba ya marehemu Ndyamukama.

Nimetafakari kabla ya kushika kalamu, maana si kawaida yangu kuingia katika mambo ya nyumba ya mtu. Mama yetu alipona tangu Pasaka. Jana, sikukuu ya Mama Maria, alitembea mwenyewe kwenda misa na kurudi, na njiani alinizidi mwendo. Dada yetu hamwuguzi mtu yeyote hapa. Yuko kwetu kama mwanamke aliyeondoka kwa mumewe. Yeye halisemi hilo, na sisi hatumwulizi, lakini majirani wana macho.

Desturi unaijua kama ninavyoijua mimi. Mke akiondoka, mume huja kumfuata. Huja na mshenga wa kumsemea, huja na kibuyu cha pombe ya ndizi, huingia ndani, hukaa chini, hutafuna kahawa, husikia anayoshtakiwa, kisha hukabidhiwa mkewe. Si jambo kubwa. Wanaume bora kuliko mimi na wewe wamelifanya. Wewe hukuja. Badala yake tunasikia habari za kabureta.

Ikifika Krismasi hujatokea, tutamkatia dada yetu sehemu ya kibanja na kumjengea nyumba hapa hapa. Miti nimeanza kuitafuta. Ikishasimama nyumba hiyo, usije tena.

Sina chuki nawe.

Wako katika Kristo,
Karugendo, Katekista


Rubya
Septemba 12, 1954

Alistidia,

Nimepata barua ya kaka yako. Yeye sijamjibu, nakujibu wewe.

Kumbe mama alipona tangu Pasaka. Uliniandikia baada ya Pasaka kwamba hana nguvu. Mimi huku namwombea kila jioni, hata nimemwekea nia ya misa. Ningejua ningeomba mambo mengine.

Sijui nilikukosea nini. Sikupigi, sinywi, sina mwanamke mwingine. Nina gari. Mtu anaweza kuachwa kwa sababu ya gari?

Nimekasirika, lakini nitakuja. Usiwaache wakate miti. Nitakuja Jumapili ya tarehe kumi Oktoba, baada ya misa. Waambie wote wawepo, na Karugendo awepo. Sitakuja na mshenga, maana viti ni viwili tu na kimoja ni chako. Na kibuyu sikioni pa kukiweka, nyuma kuna nafasi ya tairi peke yake. Lakini nitakuja na gari ambalo baba yako alisema si langu. Nimelipaka rangi ya kijani kama lilivyokuwa. Viti nimevifunika turubai. Linatembea. Nilikwenda nalo Muleba na kurudi, watoto wakanikimbilia njia nzima.

Vaa vizuri. Funga kitambaa kichwani, upepo ni mkali.

Philbert


Rubya
Oktoba 12, 1954

Alistidia,

Nilikuja. Hukutoka.

Nilitoka Rubya alfajiri. Nilipita Muleba, Kemondo, Bukoba, nimevaa suti ya arusi yetu katika vumbi lote lile. Nilisimama mbele ya lango lenu, nikapiga honi, nikapiga tena. Nilimwona Karugendo amekunja mikono mlangoni. Nilimwona mkewe Klaudia dirishani. Wewe sikukuona. Nilikaa pale mpaka maji ya radieta yakaanza kuchemka.

Basi nimeelewa. Mwambie kaka yako ajenge. Vyombo vyako nitavileta kwa basi, sufuria kubwa nimeisugua.

Philbert Mwijage


Kashozi
Oktoba 26, 1954

Baba Damian,

Barua hii naiandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kwa Kihaya ningekutukana.

Unasema sikutoka. Ni kweli sikutoka. Sasa sikiliza.

Jumapili ile Karugendo alikwenda misa ya kwanza. Aliporudi hakuvua hata viatu vya kanisani, akachukua panga akaenda kukata nyasi yeye mwenyewe, katekista mzima, akazileta kichwani. Tukatandaza nyasi mpya sebule nzima kwa ajili yako. Klaudia alichinja jogoo. Kahawa ya kutafuna ilikuwa tayari kwenye kikapu kidogo. Mama alivaa khanga zake mpya akakaa mahali pake, akatuambia kwamba hata kama mkwe hana mshenga asikilizwe, amechelewa lakini amekuja. Unajua mama anakupenda. Na mimi mzigo wangu nilikuwa nimeufunga tangu Ijumaa. Ulikuwa nyuma ya mlango.

Tukalisikia gari tangu huko kanisani. Likaja, likasimama langoni. Tukangoja ulizime. Hukulizima. Tukangoja ushuke. Hukushuka. Ukapiga honi. Karugendo akatoka mpaka mlangoni akakukaribisha ndani kwa mkono, na wewe ukamwonyesha kile kiti kitupu kwa kidole, halafu ukakanyaga mafuta likanguruma zaidi. Moshi uliingia mpaka sebuleni. Mama aliuliza, "Mbona hashuki? Anafukuzwa na nani?" Ndipo Karugendo alipokunja mikono.

Mchuuzi wa ndizi ndiye anayesimama barabarani na kupiga honi bila kuzima gari, watu wamletee mzigo. Ulitaka nikimbie na mzigo wangu nipande, mbele ya mama yangu na kaka zangu, kama niliyechukuliwa njiani? Ningewezaje? Mke hukabidhiwa. Ukipita mlangoni mwa mtu bila kuingia umemwambia kwamba nyumba yake inanuka.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na mzigo mkononi. Sikuuweka chini mpaka mlio ulipopotea kwenye barabara ya Bukoba. Nyasi zile ziliachwa siku nyingi, hakuna aliyetaka kuziondoa.

Miti ya nyumba imefika. Iko pembeni mwa njia, naipita kila siku nikienda kuchota maji.

Alistidia


Rubya
Novemba 14, 1954

Mke wangu,

Nilikuwa sijui habari za nyasi.

Barua yako niliisoma nikaenda kukaa bandani, nikashindwa kufanya kazi. Ngoja nikueleze, ingawa naona aibu, na usimsomee Karugendo. Au msomee, sasa ni mamoja.

Gari lile haliwezi kuzimwa. Mota ya kuwashia imekufa na vipuri vyake havipo popote. Hendeli ya kuzungusha kwa mkono imelika meno. Likishapata moto ukalizima, halikubali tena mpaka lipoe, na likipoa linataka mteremko na watu wa kulisukuma. Hapa Rubya naliegesha juu ya mteremko wa kanisa, naachia breki, linashuka lenyewe, linawaka. Lakini kwenu langoni ni tambarare. Nilitoka huku alfajiri bila kulizima mahali popote. Hata Bukoba nilitia petroli injini ikinguruma, na yule muuza petroli alinitukana kwa Kihindi na Kiswahili.

Nilipofika langoni nikamwona Karugendo ananikaribisha. Mguu wangu ulikuwa juu ya kanyagio la petroli, nikiuondoa linazima. Nikafikiri, nikishuka, nikila jogoo, wakati wa kuondoka itabidi niwaambie wana wa Ndyamukama watoke nje na nguo zao za Jumapili wanisukume. Gari nililokuja kuwaonyesha! Mbele ya nyumba ya mzee aliyesema mimi ni mwosha magari. Nikashindwa. Nikasema moyoni, Alistidia ni mke wa fundi, akisikia mlio ataelewa, atatoka haraka. Nikakuonyeshea kiti. Ile honi haikuwa ya kukuamuru, Mama Damian. Nilikuwa nakuomba.

Kisha maji yakaanza kuchemka nikaogopa injini itapasuka. Nilirudi njia nzima kile kiti kikiwa kitupu, na pale Kemondo nililia, na vumbi likawa tope usoni. Sijui kama ni vizuri mwanamume kuandika hivyo.

Mke wa Nathanael hakutia chumvi. Magugu ni ya kiunoni. Wachumaji waliondoka na kahawa nyingi kuliko waliyoniachia, na iliyobaki ilipata ukungu kwa kukosa pa kuianika. Nimekuficha hayo tangu Juni. Senene wameanza kuanguka na sina wa kunyonyoa nao mabawa.

Niambie basi. Kama si mama, ulikwenda kwenu kwa sababu gani?

Philbert


Kashozi
Novemba 29, 1954

Baba Damian,

Nilimsomea Karugendo. Akauliza kama injini za namna ile huwa zinachemka hivyo siku zote.

Ulilouliza sitakujibu kwa barua. Nitakujibu ukiwa umekaa kitako na uso wako nauona.

Njoo kabla ya Krismasi. Njoo na Nathanael akusemee, maana wewe ukisema mwenyewe utaeleza injini. Njoo na kibuyu. Njoo kwa basi, kwa baiskeli, kwa miguu, njoo na hilo gari ukitaka, sijali. Lakini ukija nalo, lizime langoni. Kama halitawaka tena, basi halitawaka.

Alistidia


Kashozi
Machi 20, 1955

Wifi Alistidia,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku sote wazima, mama anakusalimu, anasema kumwuguza ulimwuguza vizuri mpaka amenenepa. Mahindi yameota. Mwanangu wa tatu ameota meno.

Wifi, nina jambo, na sina mwingine wa kumwambia.

Tangu Desemba mlipotuachia lile gari langoni, mimi nilidhani litakuwa la kuku. Na kweli walianza kutaga kwenye kile kiti chako. Nilifurahi, mayai nilikuwa nayapata bila kuyatafuta. Mimi kila nikilipita nilikuwa namkumbuka Baba Damian siku ile, alivyozungusha ufunguo kabla hata hajaambiwa karibu, likanyamaza, akakaa kidogo akiugusa usukani, kisha akashuka na Nathanael na kibuyu wakaingia. Nilimwona mume wangu anafuta macho na mkono wa kanzu. Alidhani hatumwoni.

Basi wiki chache baadaye kaka yako akawafukuza kuku. Akasema ni aibu, kitu cha mkwe kuchafuliwa. Akaosha. Nikasema ni sawa. Kisha akafungua boneti, anasema anatazama tu. Kisha akatoka Bukoba na spana. Sasa wifi, ninavyokuandikia yuko chini yake tangu alipotoka misa. Wanaojifunza ubatizo walimsubiri kanisani Jumanne mpaka wakaenda zao. Amemwandikia mumeo barua ndefu kuuliza meno ya hendeli, na mumeo amemjibu kwa barua ndefu zaidi, na ile barua analala nayo! Ile miti tuliyokuwa tukujengee nyumba wewe, ameijengea gari banda.

Shamba nalima peke yangu na mtoto mgongoni. Jana nilimwambia mvua imevunja ukuta wa jikoni, nikasikia sauti kutoka chini ikisema, vizuri.

Wifi, nafikiri nirudi kwetu Kanyigo kidogo. Mama yangu naye amezeeka, anaweza kuugua siku yoyote. Wewe ulifanya hivyo na mumeo akakufuata. Nishauri.

Wifi yako,
Klaudia


Rubya
Aprili 3, 1955

Wifi Klaudia,

Salaam nyingi. Barua yako nimeisoma jikoni na nikacheka, halafu nikakaa chini.

Barua ya kaka yangu niliiona, lakini sikujua ni kuhusu nini. Baba Damian aliniambia ni mambo ya dini. Nimeshazungumza naye. Ameapa hataandika tena habari za hendeli, na ameomba nimruhusu kujibu moja tu ya mwisho kuhusu kabureta. Nimemkatalia.

Unasema nilikwenda kwetu na mume wangu akanifuata. Wifi, angalia ilivyochukua muda. Niliondoka hapa mvua za masika zinaanza, nikarudi karibu na Krismasi, na katikati kahawa iliharibika, na mimi nilikonda huko Kashozi usiku na mchana nikisikiliza magari barabarani, ingawa mbele yenu nilijifanya sijali. Ilibakia kidogo tu nyumba ile isimame. Na yote hayo yalitokea kwa sababu mimi nilikuwa na neno moja la kusema na sikulisema.

Nilimwambia tukiwa kwenye basi siku tuliyorudi. Basi lilisimama Kemondo kupakia samaki, watu wakashuka, tukabaki wawili kwenye kiti. Nikamwambia, "Nimechoka." Akaniuliza kama ni safari. Nikamwambia si safari. Nikamwambia, "Nimechoka na wewe kuwa chini ya gari na mimi kuwa juu ya kila kitu kingine. Nilichoka siku ulipochukua banda."

Nilifikiri atakasirika, au ataanza kueleza. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nasema. Nilikuwa nasema na miguu."

Akainama akaitazama miguu yake mwenyewe, wifi, yenye viatu vya suti ya arusi, kana kwamba ndiyo iliyomficha habari. Kisha akanishika mkono mbele ya watu waliokuwa wakirudi ndani na samaki, na hakuuachia mpaka Muleba.

Sikudanganyi kwamba sasa ni peponi. Jana tulipalilia upande wa chini mpaka mgongo wake ukakataa. Lori likipita barabarani anasimamisha jembe na kusikiliza, naye huniambia lina tatizo gani ingawa sijamwuliza. Banda ameliezeka upya, kahawa ya mwaka huu itakauka ndani. Bado nachoka. Lakini jioni anakaa jikoni nami, ananiuliza leo umechoka wapi, na mimi namwonyesha, bega au kiuno, na yeye ananionyesha pake.

Kwa hiyo usiende Kanyigo. Ukienda na mzigo, ndugu zako wataanza kukata miti, na Karugendo ataiona nyumba imetulia aendelee na spana mpaka injini iwake, halafu atakuja kukufuata nayo na hataweza kuizima. Mtoto mpe bibi yake. Nenda pale bandani, umshike miguu yote miwili, umvute mpaka umwone uso. Ni mzito, lakini wewe una nguvu. Akishakaa, mwambie umechoka. Mwambie kwa Kihaya, na usimwachie arudi chini mpaka amekuuliza wapi.

Wifi yako anayekupenda,
Alistidia